Chumvi ya Mwenye Jiko

Mzee mwenye presha hupewa wosia ule ule popote aendapo: punguza chumvi, meza dawa kila siku, tembea, usijitie mawazo. Pwani ya Palma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, samaki mkavu wa chumvi ni kitoweo cha kila siku, na mzee anayemla mara nyingi siye aliyemnunua wala aliyempika.

Tangu mashambulizi ya waasi yaanze Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, na zaidi baada ya Palma kuvamiwa Machi 2021, wazee wengi wamehama. Wapo walioshuka na mashua Paquitequete, mtaa wa wavuvi mjini Pemba, wakapokewa na jamaa. Kupokewa ni jambo la heshima, lakini mgeni hapangi mboga. Mfikirie bibi aliyekuwa na jiko lake, leo anangoja sahani kwa ndugu wa mkwewe. Akisema chumvi imezidi, ataonekana hana shukrani. Akinyamaza, presha inapanda, na kliniki wanasema hafuati masharti.

Hapo ndipo fikra ya kujitunza inaponitatiza: tunamdai mtu hesabu ya mali isiyo yake.

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Kate Lorig na wenzake walibuni mafunzo ya wiki 6 kwa wenye magonjwa ya kudumu, yakiongozwa mara nyingi na watu wanaougua vilevile. Kila mshiriki huchagua mwenyewe atakalofanya wiki hiyo, kisha hutaja, toka 0 hadi 10, ana uhakika kiasi gani wa kulitimiza. Akiwa chini ya 7, mpango hurekebishwa. Napenda busara hiyo ya kuanza na uamuzi wa mgonjwa. Ila bibi wetu, akiulizwa habari ya chumvi, atasema 2, na hiyo 2 wala si yake.

Kisha inaingia Ramadhani. Dini imemruhusu mgonjwa kula. Shehe atamwambia bibi, wanawe watamwambia. Hataki. Wepesi wa kumwita mkaidi wanasahau kwamba jiko ni la watu, saa ya kula ni ya watu, na saumu ndiyo iliyobaki asiyoiombea ruhusa. Simtetei afunge: akiwa na kisukari pia, na anachoma insulini, anaweza kuanguka hata kabla ya alasiri. Lakini naye anajitunza, ingawa anachokitunza hakimo katika kadi yake ya kliniki.

Ningekuwa na sauti, somo la kwanza lingefanyika uani, na wa kwanza kualikwa angekuwa mama mwenye nyumba. Aulizwe yeye: waweza kumloweka samaki tangu usiku, ukamwaga yale maji, ndipo upike? Na ile namba, toka 0 hadi 10, aitaje yeye.