Mikali Dirishani

Twasoma katika 2 Samweli sura ya 6 jinsi Daudi alivyocheza mbele ya sanduku la agano, na jinsi Mikali binti Sauli alivyomtazama akamwona mtu asiye na haya. Na tuliangalie jambo moja: Daudi alipokuwa akicheza, Mikali hakushuka. Alimdharau moyoni mwake akiwa dirishani.

Habari hiyo ilitungiwa wimbo na Duke Ellington, Mmarekani mweusi, bingwa wa muziki wa jazi. Tarehe 16 Septemba 1965 aliupiga katika kanisa kuu la Grace mjini San Francisco, na Bunny Briggs akaucheza kwa viatu vigongavyo sakafu, ndani ya kanisa lile. Wako waliofurahi, wako na walionuna.

Basi walimu wengine huniuliza: Je, yampasa Mkristo kwenda kusikiliza muziki wa namna hii ukipigwa kanisani? Maana wasema, umelelewa katika majumba ya pombe na dansi. Ni kweli, mwingi wake ulipigwa humo. Lakini tarumbeta tuzipigazo katika sharika zetu, askari nao huzipiga penye gwaride, wala sijasikia mtu akisema zimetiwa unajisi. Zaburi ya 150 yaita vyombo vingi, wala haiulizi vilikolala jana.

Katika mji wa New York alikuwako mchungaji wa kanisa letu la Kilutheri, John Gensel. Katika miaka ya 1950 alianza kwenda usiku katika majumba yale, akaketi, akasikiliza, akawajua wapigaji kwa majina. Akaona ya kuwa mtu apigaye muziki Jumamosi hata karibu na alfajiri hawezi kuamka kwa ibada ya asubuhi. Hakumkemea kwa usingizi wake, aliisogeza saa. Mwaka 1965 ikaanzishwa ibada ya Jumapili jioni yenye muziki wa jazi, na kazi hiyo ikapata makao katika kanisa la Mtakatifu Petro. Ellington naye akamtungia wimbo, uliopigwa mwaka 1968, akimwita mchungaji alindaye kundi la usiku. Sijui kama yuko mchungaji aliyepewa sifa kubwa kuliko hiyo na watu wa dunia.

Tarehe 21 Julai 1967 John Coltrane, mpiga saksafoni aliyefariki akiwa na miaka 40, aliagwa katika kanisa hilo la Mtakatifu Petro. Kikundi cha Albert Ayler kilipiga mwanzoni, cha Ornette Coleman mwishoni. Wafiwa hawakuwa na haja ya kutafuta mlango wa kubisha.

Hata hivyo, mkutano wa muziki si ibada, wala tusivichanganye. Watu wakisikiliza, wakapiga makofi, wakaenda zao, wamepata furaha njema, lakini Neno halijahubiriwa bado. Nami binafsi, tarumbeta nyingine za jazi zanichosha masikio. Hilo ni la masikio yangu, si la imani.

Kwa hiyo, walimu mlioniuliza, nendeni. Na muziki ukiisha, msikimbilie nje. Wapigaji hukawia wakifuta vyombo vyao na kuvitia sandukuni. Wasogeleeni saa hiyo, mwasalimu, mwaulize majina yao na watokako.