Chapa ya Wazee

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini mtu aliyelazimika kuiacha nyumba ya baba yake ataichukuaje asili yake? Marc Chagall aliichukua kwa sindano na bamba la shaba.

Chagall alizaliwa mwaka 1887 katika jamaa ya Kiyahudi mjini Vitebsk, ambao leo umo katika nchi ya Belarus. Baba yake alikuwa mtumishi katika ghala la samaki wa chumvi. Mwaka 1922 Chagall aliihama Urusi, akafika Berlin, na huko akajifunza kuchora juu ya shaba. Mwaka 1923 zilitolewa picha zake 20 za kuchapa, kwa jina la Maisha Yangu. Ndani yake wamo baba, mama na babu, na kaburi la baba pia limo.

Kazi hiyo ina ukali wake. Bamba hupakwa nta, nta hukwaruzwa kwa sindano, kisha bamba hutiwa katika tindikali, nayo hula shaba kila palipokwaruzwa. Wino hukaa katika majeraha hayo, na karatasi yenye unyevu ikishindiliwa juu yake huinuka na picha. Pasipo jeraha hapana mstari. Tena picha hutoka imegeuka, kushoto kumekuwa kulia, kama uso katika kioo.

Hapa ndipo lilipo swali la haki. Je, mtoto awachoraye wazee wake kwa kumbukumbu yake mwenyewe huwaheshimu au huwazulia? Wafu hawana ulimi wa kukanusha. Naona kwamba huwaheshimu kwa sharti moja: akiri kwamba picha imegeuka, na kwamba mkono uliochora ni wake, si wao. Alikataaye sharti hili ni shahidi wa uongo, hata kama machozi yake ni ya kweli.

Mwaka 1941 majeshi ya Wanazi yaliiteka Vitebsk, na Wayahudi waliosalia mjini wakauawa kwa maelfu. Picha hazikuwaokoa, wala haziwezi kuwafufua. Lakini bamba moja lilikuwa limezaa chapa nyingi, nazo zilikwisha kutawanyika mikononi mwa watu, mahali ambapo moto wa nyumba moja haufiki. Basi mwenye kumbukumbu ya wazee wake na aichape mapema, angali na mkono wa kuishindilia.