Je, Yampasa Mwalimu Kujifunza Tena?

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiisha kupata shahada na kukabidhiwa darasa, kujifunza kwake kumekwisha. Mwalimu akionekana anamwuliza mwenzake, husema: «Huyu hajui kazi.» Na mkubwa wa shule akikubali shauri la mwalimu aliye chini yake, husema: «Huyu hana nguvu.» Basi yafaa kuuliza: mwalimu akifundishwa tena, heshima yake hupungua au huongezeka?

Wasemao kwamba hupungua hawakosi sababu. Watoto huhitaji mtu wa kutegemea, na darasa lisilo na mamlaka hugeuka soko. Lakini kuna mamlaka ya woga na mamlaka ya kweli. Ile ya woga hudumu maadamu fimbo ipo. Ile ya kweli hudumu hata mwalimu akiwa hayupo.

Maisha ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle yaonyesha jambo hilo. Alizaliwa Reims, katika Ufaransa, mwaka 1651, katika jamaa yenye mali. Akiwa padri aliona kwamba walimu wa shule za maskini hawana maarifa ya kutosha. Mwaka 1681 aliwapokea nyumbani mwake, ingawa ndugu zake walichukizwa. Aliwafundisha kazi, kisha wao nao wakamfundisha. Maana alipowahimiza wamtumaini Mungu kwa riziki yao, walimjibu kwamba kwake ni rahisi kusema hivyo: yeye ana mali na cheo, bali wao, shule zikianguka, watakuwa ombaomba.

Angeweza kuwafukuza. Hakufanya hivyo, bali aliyapima maneno yao, akaona ni ya kweli. Mwaka 1683 aliacha cheo chake katika kanisa kuu la Reims. Halafu, wakati wa njaa kuu, aligawia maskini mali yake. Tangu hapo hakuna mwalimu aliyeweza kumrudishia neno lile. Mwaka 1717 Mafrere wa shirika lake walichagua mkubwa mwingine, naye akaishi chini yake kwa utii mpaka alipofariki mwaka 1719. Mwaka 1950 Papa Pio XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu wote.

Kujifunza tena, basi, si pambo la mwalimu. Ni deni lake. Mwaka wa mtoto ukipotea haurudi. Mwalimu asomaye daftari lile lile la kale, bila kutazama kama watoto wanaelewa, huwaibia pasipo kuvunja mlango. Mwenye haki hutengeneza somo lake upya, hukubali mwenzake aketi nyuma ya darasa amtazame, na asipojua husema: «Nitatafuta, kesho nitawajibu.» Na mkubwa wa shule atakaye walimu wake wakaguliwe, naye afundishe mbele yao wamkague kwanza.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wasimcheke mwalimu aulizaye, kwa maana mwenye kuuliza hapotei njia. Bwana wetu Yezu, akiwa na miaka 12, aliketi hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Ikiwa Yeye hakuona haya kuuliza, ni mwalimu gani atakayeona haya?