Kilele cha Chupa

Kijana wa kata ya Levolosi katika kisa hiki ni wa kubuni. Kemia yake si ya kubuni. Alikuwa akisoma shahada ya uzamili, na kama wengi waliokulia chini ya Mlima Meru aliyazoea meno ya kahawia tangu utotoni. Floridi ya miamba ya volkano, inayoyatia meno rangi hiyo, huingia majini, na kwingine huzidi mno miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Akaamua kuipima kwa mashine ya Raman, inayosoma mwanga wa leza unaorudi kutoka kwenye sampuli: haihitaji kemikali, na jina lake linavutia kwenye andiko la kuomba fedha.

Akakinga maji ya bomba kwenye chupa ya plastiki, akapiga leza kupitia chupa hiyohiyo. Vilele viwili vikasimama kwenye grafu, karibu na 1,615 na 1,726 kwa sentimita. Akaviita floridi. Maji ya kisima yakatoa vilele vilevile, naye akaandika sura nzima ya matokeo.

Fundi wa maabara, mama mtu mzima, akaitazama karatasi.

"Mwanangu, chupa tupu umeipima?"

"Bado, mama."

Mama akamwaga maji kwenye sinki, akairudisha chupa chini ya leza. Vilele vikabaki palepale.

Mwanafizikia C. V. Raman alionyesha mwaka 1928 kwamba mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo mno ya mwanga huo hurudi na rangi tofauti, kwa kuwa vifungo kati ya atomi vinatikisika. Ioni ya floridi iliyoyeyuka majini ni atomi moja pekee. Haina kifungo chake cha kutikisika. Andiko lile lilipita mikononi mwa wasomi kadhaa bila yeyote kuuliza hilo, nami nawalaumu wao kuliko kijana.

Jibu alilipata kwa elektrodi ya floridi, kijiti cha kutumbukiza kwenye kikombe cha sampuli. Raman nayo ikapata kazi yake kwenye mkaa wa mifupa, unaotumika kuchuja floridi: kilele cha fosfati ya mfupa huonekana wazi karibu na 960 kwa sentimita. Mfupa ukichomwa nusunusu, mabaki yake huyatia maji harufu mbaya, na chini ya leza yanaweza kung'aa mpaka yakakimeza kilele hicho. Safari hii alianza kwa kupima kibebeo kitupu cha sampuli.