Neno la Sheria na Makusudi Yake

Wasomi aghalabu hutafuta maswali ya haki katika vitabu vizito na katika mabaraza makuu. Michezo na nyimbo za vijana huachiwa watu wa mitaani, kana kwamba fikira haiwezi kukaa nyumba moja na furaha. Lakini haki ni kama maji: hupita hata katika mifereji midogo, na pengine humo mwendo wake huonekana wazi kuliko katika mto. Maswali mawili ya ajabu yaliyozuka Marekani, moja la mchezo wa besiboli na moja la muziki wa vijana, ni ushahidi wa neno hili. La kwanza lauliza: aliyevunja sheria bila ya kupata faida yo yote kwa kuivunja astahili nini? La pili lauliza: aliyechukua mali ya mwenziwe bila ya kujua, ana hatia?

Katika besiboli mchezaji hushika gongo la mti akaupiga mpira anaotupiwa na mpinzani. Ili mikono isiteleze, huruhusiwa kulipaka gongo lami ya msonobari, kitu cheusi chenye kunata. Lakini sheria yakataza lami hiyo kupita inchi 18 kutoka mwisho wa mpini. Tarehe 24 Julai 1983, katika uwanja wa Yankee Stadium, New York, timu ya Kansas City Royals ilikuwa nyuma kwa alama 4 kwa 3 katika zamu ya mwisho, na kutolewa kwa mchezaji mmoja tu kungetosha kuimaliza. George Brett akaupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja. Pigo hilo likaleta alama mbili, na Royals wakawa mbele kwa 5 kwa 4. Hapo Billy Martin, kiongozi wa New York Yankees, akalalamika juu ya gongo. Mwamuzi Tim McClelland akalipima kwa kibao cha uwanjani chenye upana wa inchi 17, akaona lami imepita mpaka. Akatamka kwamba Brett ametolewa. Pigo likafutwa, na ushindi ukawa wa Yankees. Brett akatoka mbio kumwendea mwamuzi kwa ghadhabu iliyokumbukwa miaka mingi.

Royals wakapeleka malalamiko yao kwa Lee MacPhail, rais wa American League. MacPhail hakukana kwamba lami ilizidi; aliuliza sheria ile ilizaliwa kwa haja gani. Haikutungwa kwa sababu lami huongeza nguvu ya pigo, bali kwa sababu huchafua mipira, na mpira uliochafuka hauna budi kutolewa mchezoni. Basi gongo lilistahili kuondolewa, lakini pigo lilikuwa halali. Mchezo uliendelezwa tarehe 18 Agosti, na Royals wakashinda kwa alama zile zile 5 kwa 4. Brett mwenyewe hakuruhusiwa kuumalizia, kwa ajili ya ghadhabu yake. Lami ilisamehewa, hasira haikusamehewa.

Swali la pili ni la wimbo. George Harrison, Mwingereza aliyekuwa mmoja wa Beatles, alitoa wimbo wa “My Sweet Lord” mwaka 1970. Ukapata sifa kubwa, lakini mahadhi yake yalifanana na ya “He’s So Fine”, wimbo wa Ronnie Mack uliovuma mwaka 1963 kwa sauti za wasichana wa kundi la Chiffons. Kampuni ya Bright Tunes, iliyokuwa na haki ya wimbo wa kwanza, ikashtaki. Mwaka 1976 Jaji Richard Owen, ambaye naye alikuwa mtungaji wa muziki, aliamua kwamba Harrison hakukusudia kuiba. Wimbo wa kwanza ulikuwa umelala katika vilindi vya akili yake, ukaamka akiudhania ni mtoto wake mwenyewe. Hata hivyo haki ya mtungaji wa kwanza ilikuwa imevunjwa, na malipo yakawa lazima.

Kwa mtazamo wa haraka hukumu hizi mbili zapingana. Katika moja, makusudi ya sheria yalimwokoa aliyepita mpaka. Katika nyingine, usafi wa nia haukumwokoa aliyefanya jambo asilolijua. Wako watakaosema kwamba hukumu ya New York ndiyo ya kufuatwa na ya uwanjani ni ya kuogopwa. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kila mkosaji akiruhusiwa kuuliza sheria ilikusudia nini, hatakosa jibu la kumfaa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mwamuzi McClelland hakumwonea mtu: alisoma maneno yaliyoandikwa.

Lakini tofauti imo katika kitu kilichoharibika. Lami ya Brett haikumpunguzia mpinzani kitu. Wimbo wa Harrison ulitumia mali ya mtu mwingine, na mali haipungui umilikaji wake kwa kuwa aliyeichukua alikuwa usingizini. Anayevaa viatu vya mwenziwe msikitini kwa kudhani ni vyake si mwizi, lakini hana budi kuvirudisha. Kurudisha si adhabu. Kuitwa mwizi ndiyo adhabu, na jina hilo Harrison hakupewa.

Mwisho wa kesi hiyo wathibitisha neno hili. Allen Klein, aliyekuwa zamani meneja wa Harrison, alinunua haki za Bright Tunes mwaka 1978, akageuka kuwa mdai wa mtu aliyepata kumtumikia. Mwaka 1981 mahakama ilimkataza kupata faida: Harrison alitakiwa kumlipa dola 587,000, kiasi kile kile alichotoa Klein, basi. Nia ambayo haikumwondolea mdaiwa deni, ilimnyima mdai faida.

Hivyo nia na tendo si mahasimu. Kila kimoja kina mizani yake. Tendo huamua kinachopasa kurudishwa. Nia huamua anayepasa kulaumiwa. Hakimu anayezichanganya mizani hizi huweza kumwadhibu asiye na lawama, au kumwachia mkosaji mali ya watu kwa sababu ana moyo mwema. Na makosa haya yote mawili huitwa haki na wale wanaoyatenda.