Simba, Dubu na Intavyu

Somo: 1 Samweli 17:20–40

Jumapili niliposema ninahubiria vijana wa kazi za kompyuta, wazee walicheka. Lakini hata wewe mama wa duka, kaa nami.

Kijana mmoja wetu (ameniruhusu niseme, mradi nisitaje jina) ana miaka miwili katika kampuni ya kutengeneza programu hapa Nairobi. Aliitwa intavyu mahali pakubwa zaidi. Akanijia jioni na CV yake. "Pasta, niombee kibali." Nikamwambia, hebu tuisome kwanza. Mimi nilisomea biashara, hizo lugha za kompyuta sizijui, lakini kuhesabu najua: zilikuwa tisa. Nikamuuliza, "Ukikalishwa sasa hivi, ni ngapi utaandika kitu kikafanya kazi?" Akanyamaza. "Mbili, Pasta. Zingine nilitazama video tu."

Hayo ndiyo mavazi ya Sauli! Mfalme alimvika Daudi kofia ya shaba na deraya. Vitu vya bei. Daudi akajaribu kutembea, akaona haiwezekani, akasema wazi kwamba hajavizoea, akavivua. Alisema hivyo mbele ya mfalme. Sisi tunaogopa kusema "hiyo sijaitumia" mbele ya meneja. Na intavyu za kazi hizi si za mdomo tu. Mara nyingi unapewa tatizo, unaandika wakikutazama, huku ukieleza kila hatua. Uongo wa CV hapo utafika wapi?

Tena angalieni, Sauli alikuwa na pingamizi tunalolijua: huyu ni kijana, Goliathi ni mtu wa vita tangu ujana wake. Yaani, hana uzoefu. Daudi hakujibu kwamba yeye ni mchapakazi na anajifunza haraka. Alisimulia tukio. Simba alikuja, akachukua mwana-kondoo, nikamfuata, nikampiga, nikamwokoa kinywani mwake. Halafu akampa Mungu utukufu, bila kuficha kilichofanywa na mikono yake.

Nikamuuliza kijana, "Simba wako ni yupi?" Akasema hana, yeye hurekebisha makosa madogo madogo. Kama lipi? Ndipo akanieleza. Mtandao ukikwama, mteja alikuwa akilipa kwa M-Pesa mara moja, lakini mfumo wao unaandika malipo mawili. Alikaa na shida hiyo siku nne. Akagundua kwamba ujumbe wa malipo usipojibiwa upesi hutumwa tena, na mfumo unaupokea kama mpya. Akaufanya ukague namba ya muamala kwanza. Malalamiko yakaisha. Wapendwa, hiyo haikuwa kwa CV! Lugha saba asizozijua ameandika, simba amemwacha nje.

Kisha nikauliza, je, bosi wako anajua hutakuwepo siku hiyo? "Nitamwambia tumbo linaniuma." Hapo nilikasirika kidogo. Unataka kibali cha Mungu kwa tumbo la uongo? Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za likizo kila mwaka. Omba moja. Hulazimiki kusema unaenda wapi. Mstari wa 20 tunaupita haraka, lakini Daudi aliamka mapema, akawaachia kondoo mlinzi, ndipo akaenda. Ukipata kazi mpya, toa notisi kwa maandishi, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au zaidi kama mkataba unasema hivyo. Na umwandikie atakayekufuata jinsi mfumo unavyofanya kazi. Hao kondoo wana mwenyewe.

Kijana alienda Ijumaa na lugha mbili, simba mmoja na siku moja ya likizo. Hawajampigia simu bado. Tunaendelea kuomba naye.

Wenye intavyu mwezi huu, tuonane Alhamisi baada ya maombi. Leteni CV. Kalamu nyekundu nitakuja nayo mimi.