Chakula Kinapomdhuru Mtu, Nani Ana Hatia?

Tuliombwa tuandike juu ya upendo kati ya majirani, nasi tukaona afadhali tuandike jambo lililotutia aibu sisi wenyewe kuliko kuwahubiria.

Miaka ile tulikuwa tukikutana kwa maombi Nyarutarama. Msifikiri ni kule kwenye majumba ya ghorofa na uwanja wa gofu, ingawa baadhi ya wamama wetu walikuwa wakifua nguo huko. Sisi tulikuwa Kangondo, mtaa ambao watu waliuita Bannyahe, kabla haujabomolewa mwaka 2022 na wenye nyumba kuhamishiwa Busanza. Wapangaji tulitawanyika, kila mtu na njia yake. Lakini wakati ule, kila Jumapili baada ya ibada tulikula pamoja, kila nyumba kwa zamu yake.

Katika kundi letu alikuwemo mama mmoja, hatutamtaja jina. Jumapili moja mwaka 2019 alikula bugari na sombe kwa jirani yetu, mjane aliyekimbia kutoka Burundi. Haikupita nusu saa tumbo likamjaa kama ngoma, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likamtoka, miguu ikakosa nguvu. Sisi wengine tulikula sufuria hiyo hiyo na hatukuona kitu. Tangu siku ile hali hiyo ikawa inamrudia mara tatu, mara nne kwa juma, na kila mara ni baada ya kula. Leo maharage, kesho wali mtupu, siku nyingine anakula kila kitu na kulala vizuri. Alipimwa minyoo, hakuna. Alipimwa vidonda vya tumbo, akapewa dawa, akazimaliza, akapimwa tena, hakuna. Alipigwa picha ya tumbo kwa ile mashine ya wajawazito, hakuna. Mwishowe mganga mmoja wa zahanati akamwambia, “Mama, wewe huna ugonjwa, una mawazo mengi tu.”

Mnajua wenyewe neno lililofuata. Kwetu Kivu linaitwa karuho, hapa Rwanda wanasema amarozi. Halikusemwa kwenye maombi, lilisemwa bombani tukisubiri madumu yajae. Hakuna aliyemshitaki mjane yule uso kwa uso. Tulichofanya ni kidogo kuliko hicho, na labda ni kibaya zaidi: zamu yake ilipofika, kila mtu alikuwa na udhuru. Mmoja amefunga, mwingine ameshiba, mwingine mtoto ana homa. Na mama mgonjwa tulimsindikiza nje ya mji kwa mtu wa kutapisha sumu. Alilipa faranga elfu arobaini zilizokuwa za kodi ya nyumba, akatapika siku mbili, akaambiwa sumu imetoka yote. Juma lililofuata tumbo likajaa tena.

Swali tulilojiuliza baadaye ni hili: je, kumwamini mgonjwa kunatulazimu kumshuku jirani? Wakati ule tulidhani ndiyo. Tuliona kwamba tukisema mjane hana hatia, tutakuwa tunamwambia mama yule kwamba anadanganya, nasi tulimpenda. Lakini hayo ni mambo mawili. Kwamba anaumia, yeye ndiye shahidi, na hakuna mwingine anayeweza kuingia katika mwili wake akamkatalia. Kwamba fulani ndiye aliyemdhuru, hapo yeye hajui zaidi yetu. Maumivu yanampa mtu haki ya kuaminiwa juu ya maumivu. Hayampi macho ya kuona ndani ya jiko la mwenzake.

Kuna jambo lililotokea Kasese, Uganda, karibu kabisa na mpaka wa Congo, ambalo wengi wenu mliopita njia ya Bwera mtalielewa. Septemba 2017 watu walikula kwenye mazishi. Baada ya saa chache wakaanza kutapika, kuharisha na kuumwa matumbo, na 33 wakalazwa katika hospitali ya Bwera. Siku hizo hizo wengine wakaugua vivyo hivyo penginepo, jumla wakafika 98, na 2 wakafariki. Hebu tufikiri: mazishi, chakula kimoja, watu wanaanguka. Ingekuwa ni kwetu, tungekuwa tumeshataja jina kabla jua halijatua. Wachunguzi walipofuatilia walikuta chanzo ni unga wa muhogo uliotoka kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla, wenye sianidi nyingi. Sianidi ni ile sumu ya muhogo mchungu ambayo mama zetu waliiondoa kwa kuloweka siku kadhaa na kuanika juani. Wenye haraka, au wenye njaa, hufupisha siku hizo. Basi sumu ilikuwepo kweli, lakini walioupika ule ugali hawakumtegea mtu.

Hatusemi kwamba hofu yetu haina msingi. Tumetoka mahali ambapo jirani alimgeuka jirani, na hatuwezi kujifanya kwamba hakuna mtu aliyewahi kutiliwa sumu duniani. Hata desturi zinakiri hofu hiyo. Hapa Rwanda mwenyeji huonja pombe kwanza kabla ya kumpa mgeni, na chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji. Ni desturi nzuri, inamlinda mgeni na inamlinda mwenyeji pia. Tunalosema ni kwamba kutojua hakuwezi kuwa ushahidi.

Na yule wa zahanati aliyesema “mawazo tu”? Naye alitafuta mwenye hatia kama sisi, ila alimpata karibu zaidi: mgonjwa mwenyewe. Kwa miaka mingi watu wenye vidonda vya tumbo waliambiwa ni wasiwasi wao na pilipili zao. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa mwenyewe bakteria waliotoka tumboni mwa mgonjwa, na baada ya siku chache akawa anatapika, tumbo lake limevimba ndani. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel. Wagonjwa wangapi walizikwa wakiaminiwa ni watu wa wasiwasi? Ni kweli pia kwamba mwili uliopita vitani, uliokosa usingizi, huweza kuumwa tumbo bila kidonda chochote kuonekana. Lakini hata hapo tumbo linauma kweli. Neno “tu” ndilo lenye dhambi.

Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu wa kuzaliwa, nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Walikuwa na majina mawili tu ya kuchagua, naye akayakataa yote mawili. Na Paulo, ambaye kwa mikono yake wengine waliponywa, alipomwandikia Timotheo juu ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, hakumwuliza amekosa nini wala nani amemroga. Alimpa shauri juu ya kinywaji. Yaonekana Timotheo aliendelea na kazi huku tumbo likimsumbua.

Mama yetu naye anaendelea. Ana daftari anamoandika alichokula na saa alipoanza kuumwa. Ameona kwamba maziwa yanamzidishia, kama ilivyo kwa watu wazima wengi duniani, akayaacha, ingawa hapa Rwanda kukataa maziwa ya mwenyeji ni kazi ngumu. Hali imepungua, haijaisha. Hakuna aliyempa jina la ugonjwa.

Mjane yule alitupikia mara moja ya mwisho kabla hatujatawanyika. Tulikwenda wanne. Alipopakua, hakuna aliyemwambia kitu, lakini alichota tonge la kwanza mwenyewe, akalitafuna akitutazama mmoja mmoja, ndipo akasukuma sahani mbele yetu. Yule mama mgonjwa ndiye aliyetangulia kunyosha mkono.

Sasa mjane yuko Mahama. Wawili kati yetu wamempigia simu kuomba msamaha, wengine bado. Jarida hili linafika Mahama, naye anajua kusoma.